Safari ya Magu

Kutoka Buswelu hadi Magu ni mwendo wa saa moja na ushee, na barabara ni ya lami. Alexander Machibya, fundi wa mageti ya chuma, aliianza safari hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita, na hadi Pasaka ya mwaka huu alikuwa hajafika.

Si kwamba hakuijua njia. Magu alikwenda kununua mpunga, akaenda kuzika shangazi wawili, akaenda hata kuamua ugomvi wa ng'ombe usiomhusu. Kilichomshinda ni ofisi ya parokia, hatua chache tu kutoka stendi. Alisema alibatizwa hapo ujanani, na cheti chake cha ubatizo kilikuwa humo. Bila cheti, ndoa yake na Celestina isingefungwa kanisani. Na bila ndoa ya kanisani, Celestina, Mhaya aliyekuzwa na rozari mkononi, alikuwa hapokei Komunyo.

"Mama Winnie, nikimaliza hili geti nakwenda Magu," alikuwa akisema. Geti likaisha, likaja lingine. Ikaja masika. Zikaja kampeni. Goti likamuuma. Mtaani wakapata msemo: fundi cherehani akichelewesha nguo, mteja huambiwa sketi yake imekwenda Magu. Machibya alicheka kuliko wote.

Alikuwa na simu yenye adabu za ajabu. Haikuita wakati wa mahubiri, haikuita wakati wa matangazo. Iliita watu wakianza kupanga mstari wa Komunyo. Basi fundi wetu alitoka nje akiwa ameibana sikioni, akarudi baraka ya mwisho ikitolewa.

Jumanne baada ya Pasaka Celestina alichoka kungoja. Alifunga kitenge chake kizuri, akapanda basi, na kabla ya saa nane mchana alikuwa amesimama kwenye karakana ya mumewe.

"Nimetoka Magu," alisema.

Machibya alishusha kioo cha kuchomelea usoni, ingawa mashine ilikuwa imezimwa.

"Humo kitabuni umo kwenye orodha ya waliotakiwa kubatizwa, Baba Winnie. Mbele ya jina lako padri wa wakati huo ameandika neno moja tu: Hakufika."

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miaka miwili ya mafundisho, asubuhi ya ubatizo kijana Machibya alikwenda Kisesa kutazama mpira, akisema ubatizo upo tu, hauozi. Baadaye aliona haya kurudi. Lakini jina la Alexander alikuwa ameshalichagua na lilimpendeza, kwa hiyo akalichukua bila maji.

"Uvivu ningeusamehe," Celestina alisema. "Umeniacha kwenye benchi miaka yote hii, na ulikuwa unajua." Hakulia. Alikwenda kubandika maharage, na hilo lilimtisha mumewe kuliko machozi.

Jumapili simu ilibaki nyumbani. Watu walipoinuka kwenda kukomunika, Machibya aliona kitu ambacho hakuwahi kukaa akakiona: mkewe akivuta miguu na kugeuza magoti pembeni ili wengine wapite. Walipita kina mama wa jumuiya, akapita mjane wa jirani, akapita Winnie, binti yao wenyewe, akigusana magoti na mama yake. Machibya aliona aibu, ile hasa ya kuwaka masikio. Nusu ya Buswelu inalala nyuma ya mageti yake, na lile alilomfungia mkewe alikuwa amelikaza kuliko yote. Wakabaki wawili kwenye benchi tupu, naye akavuta miguu yake vilevile.

Jumamosi saa tisa alitokea kwenye darasa la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Projest, katekista, alidhani amekuja kikazi.

"Ngosha," alisema, kama wanavyoitana wanaume wa Kisukuma, "dirisha lililopinda liko upande wa pili."

"Nimekuja kusoma."

Projest alimtazama kidogo, akafungua daftari na kuanza kuandika bila kuuliza: Alexander...

Machibya alikohoa. Ulimini tayari palikuwa na maneno mazuri kuhusu wiki ijayo, na geti la mwalimu mmoja ambalo lilikuwa bado halijapakwa rangi. Akayameza.

"Hiyo Alexander ifute," alisema. "Andika Machibya tu. Huyo mwingine bado yuko Magu."