Mwaka Baba Alipobatizwa

Harufu ya pamba iliyolowa mvua haijanitoka puani mpaka leo, na mimi sasa ni bibi kizee. Zamani zile za Wabelgiji kila mwanamume wa kijiji chetu, katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, alipimiwa shamba lake la pamba, apende asipende, na pamba ikishachumwa ilirundikwa ndani ya nyumba zile zile tulimolala, ikingoja siku ya kununuliwa. Paa likivuja, pamba inalowa, ikilowa, inanuka, ikinuka, mkaguzi anaikataa, na mwenye shamba anakula fimbo mbele ya watoto wake. Kwa hiyo mchana wa mvua tulikaa barazani, baba, mama na mimi, tukichambua, nyeupe huku, chafu kule, mpaka vidole vinakufa ganzi. Hapo ndipo nilipojifunza dini. Padri hakunifundisha, masista walinikuta ninajua. Nilifundishwa na mama yangu, Feza, ambaye hakubatizwa hata siku moja.

Mama alikuwa mke wa pili. Baba alimtoa Wamaza, kwao, akiwa msichana mbichi, kwa sababu pamba ilihitaji mikono na mke wa kwanza hakuwa na mtoto aliye hai wa kumsaidia. Huyo mke wa kwanza mimi nilimwita Mama Mukubwa. Alikaa katika nyumba yake ng'ambo ya ua wetu, akipika sombe, yale majani ya muhogo, tamu kuliko ya mama, nakiri hilo, na akitucheka. Mwalimu wa dini alipokuja kijijini na kugonga chuma chake asubuhi kuwaita watu, baba alikwenda, mama alikwenda na mimi mgongoni, na Mama Mukubwa akabaki mlangoni akipiga vigelegele vya dhihaka. "Nendeni! Mie nitakufa na mambo ya mababu yangu," alisema, na wala hakusema kwa siri.

Mama alikuwa na kichwa, jamani. Hakujua herufi hata moja, lakini swali na jibu akilisikia mara moja limekaa. Baba, Mungu amrehemu kama anaweza, kichwa chake kilikuwa kigumu. Mwalimu akimuuliza Mungu ni nani, jasho linamtoka, anaangalia miguu yake. Mama akamchukua kama unavyomchukua mtoto. Barazani, mikono ikichambua pamba, anauliza, baba anakosea, anamsahihisha polepole, anarudia, na hamcheki. Baba aliitaka dini ile kweli, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa pombe na ngumi, akaacha vyote viwili. Alikuwa akisema anaota moto. Baada ya miezi mingi alipewa medali ya kuvaa shingoni, ndiyo alama ya mtu anayejiandaa kwa ubatizo, na mama akapewa yake siku hiyo hiyo. Nakumbuka alivyoisugua kwa majivu kila Jumamosi hadi ikang'aa.

Miaka ikasogea, hadi mwalimu akaja nyumbani kwetu akiwa na uso wa shughuli. Alikunywa maji, akafuta mdomo, akaeleza sheria. Mtu wa wake wawili habatizwi. Abaki na mmoja, na mwingine aende zake. Yule wa kwanza ndiye mke, lakini akiikataa dini kabisa, basi Kanisa linaruhusu mwanamume abaki na yule anayeamini pamoja naye. Mimi nilikuwa na umri kama wa miaka tisa na nililielewa neno hilo vizuri kuliko nilivyolielewa neno lolote la katekisimu. Nililala usingizi mzuri. Mama Mukubwa si alishasema atakufa na mambo ya mababu zake? Ataondoka yeye, mama atabaki. Hata baba alikuwa akitembea mwepesi siku zile, maana, tuseme ukweli, mama ndiye aliyekuwa kipenzi chake.

Haikupita hata wiki. Mvua ilikuwa inanyesha, tuko barazani na pamba yetu, mama na mimi tu, baba amekwenda kutega samaki mtoni. Mama Mukubwa akavuka ua na kigoda chake kichwani kujikinga mvua, akakiweka mbele ya mama, akaketi. Hakuna salamu. "Feza, mudogo wangu," akasema, "unifundishe na mie. Mwalimu atanikawisha. Weye unajua yote."

Lo! Mama alikuwa ameshika pamba mkononi, hakuiweka huku wala kule. Alijua. Asije mtu kuniambia leo kwamba Feza alikuwa mjinga wa shamba, hakuelewa anaombwa nini. Alielewa kwamba mwanamke huyu anaomba nyumba yake, mume wake na mimi, na anamwomba yeye mwenyewe ampe. Na mimi nilielewa, nikapiga kelele: "Usimufundishe, mama! Usimufundishe!" Akanizaba kofi. Lilikuwa la kwanza na la mwisho maishani mwangu kutoka kwake. "Neno ya Mungu haiko yangu," akasema. "Iko ya watu wote."

Jumapili iliyotangulia mwalimu alikuwa amefundisha kuhusu mtu wa kale. Alisema ndani ya kila mmoja wetu yumo mtu wa zamani anayesema mimi kwanza, chakula changu kwanza, haki yangu kwanza, na huyo lazima afe, ndipo Kristo apate nafasi ya kukaa. Watu waliitikia ndiyo, ndiyo, wakaenda nyumbani kula. Mama alilichukua neno lile lote, akalimeza. Nadhani kijiji kizima alikuwa yeye peke yake aliyedhani mwalimu anasema kweli.

Basi akamfundisha. Ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, sakramenti saba, yote. Mama Mukubwa alikuwa mzee, anasahau leo alichojua jana, na ingetosha kumwacha asahau. Mama hakufanya hivyo. Alirudia hadi sauti ikamkauka. Mimi nilikaa pembeni nikiichafua pamba nyeupe makusudi, nikiichanganya na majani, ili kazi isiishe na masomo yawakere. Mama akaichambua upya bila neno. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Mama Mukubwa wakati ule, naelewa kwamba alikuwa na hofu: ndugu zake wamekufa, watoto wake amewazika, akiondoka pale angelala kwa nani? Naelewa. Lakini kuelewa hakujanisaidia chochote.

Padri alikuja msimu wa kiangazi, na pikipiki yake na ndevu zake na kanzu nyeupe iliyokuwa nyekundu kwa vumbi. Aliketi katika kibanda cha sala kuwapima watu. Baba aliulizwa, akajibu bila kukwama. Mama Mukubwa akaulizwa, akajibu, akakwama mahali pamoja, akapata. Mama alikuwa amesimama ukutani, na mimi nimemshika kitenge, na niliona midomo yake ikitembea pamoja na yao, jibu kwa jibu, kama mwalimu anayewaombea wanafunzi wake. Kila neno lililotoka kinywani mwa watu wale wawili lilikuwa limetoka kwake. Padri akafurahi sana. Akasema mke wa kwanza ameikubali imani, Mungu ameifanya kazi iwe nyepesi. Kisha akamtazama mama kwa huruma, sikatai, akasema na yeye ana imani nzuri, atabatizwa akipata bwana Mkristo huko mbele, asihuzunike.

Nilimtazama baba. Nilimngojea. Angeweza kuomba mwaka mwingine wa kufikiri. Angeweza kusema, Mupe, ndivyo tulivyowaita mapadri, mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha yote uliyoyasikia. Angeweza hata kulia mbele ya watu, basi. Akasema, "Ndiyo, Mupe."

Baada ya siku tatu mama akaondoka. Alichukua kikapu, jembe, sufuria moja na medali yake shingoni. Mimi ni mtoto wa baba, kwa hiyo nikabaki, hakuna aliyeuliza ninataka nini. Akaniinamia akaniambia, "Umuheshimu mama yako mukubwa. Usilie mbele yake." Nilimfuata mbio hadi kijitoni, baba akaja kunirudisha, akanibeba, na njiani machozi yakamtoka yakaniangukia mkononi. Nilijipangusa kwa majani. Machozi ya nini? Na kijiji kikamsifu! Wakristo wa kijiji walikuja barazani kumpa mkono. Walisema huyu amejikana kweli, amemwacha mke kijana kwa ajili ya Mungu, hakika amekufa kwa nafsi. Ee, baba yangu alikufa kwa nafsi, na aliyefukuzwa nyumbani ni mwingine.

Tulibatizwa misheni siku moja, watu wengi, nami nikiwemo. Padri alimuuliza baba kama anamkataa Shetani, na mambo yake yote, na fahari zake zote, baba akasema ninamkataa, kwa sauti kubwa ya mtu asiye na deni. Wakamwita Yosefu. Mama Mukubwa akawa Maria, na analia kwa furaha. Maji yaliponimwagikia waliniambia nimekuwa mtu mpya. Nilirudi nyumbani nikajichunguza, nikajikuta yule yule, na juu yake nimeongezewa jina.

Kaka wa mama hakutaka mwanamke wa kukaa bure nyumbani kwake. Akamwoza kwa mzee mmoja wa Kabambare aliyekuwa tayari na wake wawili. Mnaona sasa? Alifanywa mke wa tatu, na mke wa tatu habatizwi. Walimtoa kwa ajili ya sheria, kisha sheria ile ile ikamfungia mlango. Watu waliotoka huko walinisimulia kwamba kila Jumapili alikwenda kanisani akasimama nje, karibu na dirisha, na walio ndani wakisahau majibu walimsikia akiyasema. Alifariki akijifungua. Habari ilinifikia kwa masista, mimi tayari msichana wa shule, siku nyingi baada ya kuzikwa. Walimzika bila padri na bila msalaba.

Siku hizi tunabatizwa tukiwa wachanga, hakuna anayeulizwa kitu. Nawafahamu wanaume wanaokaa benchi ya mbele na mke wa pete, na nyumba nyingine mbili mjini ambazo parokia nzima inazijua, na wanakomunika, na padri anawasalimu. Aka! Siwaonei wivu, ninawahesabu tu. Mwaka jana tulifanya misa ya kuwashukuru Wakristo wa kwanza wa upande wetu. Padri wetu, kijana mwema, angeweza kuwa mjukuu wangu, alikuja nyumbani kuniomba nisimame kwa niaba ya wazazi wangu majina yao yatakaposomwa. Nikamwambia aliandike na la Feza. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yakamlowa, halafu akasema, "Mama, orodha hii ni ya waliobatizwa." Akaniomba nisamehe, akaniambia huenda ni nafsi yangu ya zamani inayokataa kufa.

Labda ni kweli. Nimeungama uchungu huu kila Pasaka tangu ujana, na kila Pasaka ninautoa pale pale nilipouacha. Siku ya misa mahubiri yalikuwa juu ya kujikana nafsi. Wakasoma Yosefu, wakasoma Maria, watu wakapiga makofi na kugeuka kunitafuta. Sikusimama. Walisoma majina mengi siku ile, na mimi niliyasikiliza yote, moja moja, nikimtafuta mtu mmoja aliyewahi kufanya walichokuwa wakikihubiri. Hakuwemo.