Vidole Vinane Juu ya Piano

Wazungu wa mashamba ya karanga walipoanza kuondoka Nachingwea, mmoja wao aliipa misheni yetu ya Ruangwa piano. Ililetwa kwa lori, imezungushiwa magodoro. Miguu yake ikawekwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafagia madarasa pale, na kila asubuhi niliifuta vumbi.

Siku moja nikafunua kifuniko, nikabonyeza. Sista aliyefundisha kwaya alikuwa mlangoni.

"Endelea," akasema.

Nilificha mkono wa kushoto kwenye kanga. Ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili nilijikata kwa panga utotoni, nikipasua kuni. Nikamwonyesha, nikidhani atanionea huruma na mambo yaishie hapo.

Aliushika mkono ule, akauweka juu ya piano. "Vinane vinatosha kuanza. Keti."

Nikawa najifunza kila nikimaliza kufagia. Sista aliandika nambari juu ya kila noti, kidole kipi kibonyeze wapi. Palipohitaji kidole nisichokuwa nacho, alifuta noti akaandika nyingine.

Baba yangu, mkulima wa ufuta, hakuwahi kuona piano. Nikamchorea vibao vyake vya kubonyeza kwa mkaa sakafuni.

"Hivi vyeusi ni viwili, kisha vitatu?"

"Ndiyo, baba. Halafu vinaanza tena."

Baada ya siku chache alinipa ubao wa mninga, vibao vyote kavichonga kwa kisu. Haukuwa na sauti. Mimi nikibonyeza, yeye anaimba kile anachodhani kinatoka. Mama aliyekuwa akitwanga alicheka hadi akaacha mchi.

Pasaka wanaume waliibeba piano hadi kanisani. Katikati ya wimbo nilipotea, mikono ikakwama. Wanakwaya hawakunyamaza, waliimba polepole, wakinitazama, hadi nikapata pa kuingilia.

Tulipotoka, baba akaniuliza, "Mbona pale katikati uliwaachia wao?"

"Nilipotea, baba."

"Basi walikusubiri vizuri."

Mwaka uliofuata Sista alihamishwa. Siku ya kuondoka kwake, nje ya kanisa, nilimshika mikono yote miwili, nikataka kumshukuru, nikaishia kulia tu. Naye alikuwa analia.

"Rudi ndani," akaniambia. "Kwaya imeshakaa, inakusubiri, na mimi si mwalimu wao tena."