Keki Iliyozama Katikati

Jumamosi iliyopita nilijikuta nanyata jikoni kwangu. Keki ilikuwa kwenye oveni, mimi nakwenda kuchukua kitambaa cha mikono, nikashangaa mbona natembea kwa ncha za vidole kama mwizi, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikageuka na kidole mdomoni, tayari kumnyamazisha mtu. Hapakuwa na mtu. Friji lilikuwa linanguruma na saa ya ukutani inagonga, basi. Nikakaa kwenye kiti nikacheka, halafu kicheko kikaniishia njiani.

Ngoja nikueleze nilikoyatoa hayo, maana binti yangu aliyeko Dar anadhani keki zimeanza kwenye simu.

Mimi nimekulia Mgeta, kule juu, ambako asubuhi ukihema unaiona pumzi yako. Shule niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Hii nyumba yangu ya hapa mjini, Kilakala, imejengwa na kabichi. Kabichi na karoti, kwanza nikizibeba kichwani kwenye vile vijia vya kuteremka, baadaye nikizijaza kwenye malori. Hakuna mtu aliyenipa hata tofali moja. Lakini kuoka sikujifundisha. Hilo nilifundishwa na bibi, mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea.

Bibi ujanani alipika kwenye jiko la masista, akatoka huko na ujuzi wa keki na ukali. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na sufuria kubwa aliyoitia mchanga, anaipasha, anaiweka sufuria ndogo ndani yake, anafunika, halafu anapanga makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Kazi yangu ilikuwa kupiga mayai na sukari kwa mpekecho mpaka mkono unakufa ganzi. Bibi alikuwa anaunyanyua mpekecho, ule ute ukidondoka upesi anasema, "Bado," nami naanza upya. Malai tuliyaengua juu ya maziwa kila jioni, tukayaweka kwenye bakuli lililofunikwa, bakuli tukalikalisha kwenye maji ya mfereji nyuma ya nyumba. Yale maji yalikuwa baridi kushinda friji langu, na hilo friji ni jipya.

Sasa keki ikishaingia kwenye sufuria, nyumba nzima ilikuwa inanyamaza. Bibi aliamini keki inayopanda haitaki mtikisiko. Mlango usibamizwe, mtoto asiruke, kuni zisitupwe chini. Hata jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa anatumiwa salamu aache kutwanga.

"Mwenzangu," anaita kutoka kwake, "yaani mimi nisile kwa sababu keki yako imelala?"

"Haijalala. Inapanda. Utapata kipande."

"Kipande cha pembeni kilichoungua au cha maana?"

"Cha katikati, penye malai."

"Haya, mchi nao umelala."

Basi tunakaa. Mimi na bibi, jirani kaja na kigoda chake kabisa, mbuzi tu ndio hawajui sheria. Ule unyamavu ulikuwa mzito, mzuri, umejaa watu. Harufu ya mayai na maganda ya limau inaanza kutoka kidogo kidogo pembeni ya mfuniko. Nikijikohoza bibi ananiangalia tu na kidole juu. "Sss. Inapanda."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho bibi hakuweza kukinyamazisha. Barabara ilipita juu kidogo ya nyumba yetu, na lori la mboga lilikuwa linapanda kutoka mjini likiwa tupu, bodi linagonga, minyororo inalia, vikombe kwenye kabati vinacheza. Na humo ndani ya lori, Jumamosi moja kila mwezi, ndimo alimokuwa mama yangu.

Mama alikuwa anafanya kazi mjini, kwenye nyumba ya watu, analea watoto wao. Ile keki ilikuwa yake. Bibi alitaka aikute ina moto, si ya jana. Na lori halikuwa na saa. Likija mapema, keki inazama. Kwa hiyo bibi alikuwa anakaa pale akiomba lichelewe, na mimi nimekaa pembeni yake, kimya vilevile, naomba lije. Sikumwambia. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba ombi langu linamharibia yeye keki.

Na karibu kila mara nilikuwa nashinda mimi. Unausikia mngurumo kule kwenye kona ya chini, bibi anafumba macho, vikombe vinaanza kucheza, jirani anasema, "Kwisha habari yake." Lori linapita, linakwenda kusimama sokoni, na baada ya muda mama anateremka na kijia, kanga ina vumbi, mikono inanuka sabuni ya watu. "Shikamoo mama." Bibi anaitika marahaba hali ameinamia sufuria. Anafunua, na keki imeingia katikati kama sahani ya supu.

"Nimeizamisha tena?" mama anauliza.

"Wewe na gari lako."

Bibi aliikata keki kwa uzi wa kushonea, kwa ubapa, ikawa matabaka mawili, akapaka malai katikati, akaifunika. Lile bonde la juu hakuliacha wazi, alilijaza malai yote yaliyobaki mpaka yakawa sawa na ukingo. Hapo katikati ndipo tulipokuwa tunagombania. Nilikuwa nakaa mapajani kwa mama, nalamba kijiko, jirani analalamika kwamba mtoto anadekezwa. Mimi nilikua nikijua kwamba keki ndivyo ilivyo, ina shimo, na shimo lina malai.

Halafu ikaja Jumamosi ya mvua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, huku milimani unajua ardhi inavyoachia. Bibi akapanga makaa, tukakaa. Jirani akaja na kigoda. Tukasikiliza. Matone yanadondoka kwenye migomba, mfereji unavuma. Makaa yakawa majivu. Lori halikuja. Baadaye akapita mtu na jembe begani akasema barabara imekatika kule chini, hakuna gari litakalopanda leo wala kesho.

Bibi akafunua sufuria. Sijawahi kuona keki kama ile. Imepanda mpaka inagusa mfuniko, rangi ya dhahabu, bapa juu, haina hata ufa. Jirani akapiga makofi. "Leo umeweza, mwenzangu."

Bibi akaweka mfuniko chini. Kisha akasema polepole, "Ndiyo. Imepanda." Akaketi. Hakuna aliyenikaripia nilipobamiza mlango. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaketi karibu na bakuli la malai nikalia.

Malai yalibaki mengi. Hapakuwa na shimo la kuyatia.

Mama alikuja mwezi uliofuata, na ikazama, tukala. Miaka ikaenda. Bibi alitutoka, jirani naye, mama nikamleta hapa Kilakala akazeekea mikononi mwangu mpaka alipoondoka. Ile nyumba ya Mgeta ilishalala chini, siku hizi pale wanalima njegere. Sufuria ninayo. Imetoboka.

Jumamosi iliyopita binti yangu alisema anakuja na wajukuu. Siku hizi si kama zamani, ipo treni ya umeme, unakunywa chai Dar na ya pili unakuja kuinywea hapa. Barabara haikatiki. Kwa hiyo nikapiga mayai, kwa mkono, sitaki mashine. Nikaengua krimu, ndiyo malai ya siku hizi. Keki ikiwa ndani ya oveni simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeshashuka?"

"Mama, usikasirike. Watoto wana masomo ya ziada, na mimi kazini wameniita. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Sawa."

"Umekasirika."

"Nimesema sawa. Kafanye kazi."

Na mimi nimefanya kazi maisha yangu yote, najua kazi inavyokuita. Sikumlaumu. Nikakata simu, nikarudi jikoni, na hapo ndipo nilipojikuta nanyata.

Nilichungulia kwenye kioo cha oveni. Imepanda. Bapa, ya dhahabu, haina ufa. Nikaufungua ule mlango wa oveni nikaubamiza. Nikangoja kidogo, nikaubamiza tena, kwa nguvu, mpaka vikombe vikalia kwenye kabati. Mtu mzima, peke yangu, nagombana na jiko.

Haikuzama. Vyombo vya siku hizi ni imara.

Niliikata kwa uzi, nikapaka krimu katikati, nikaifunika. Juu ilikuwa sawa kama meza. Krimu iliyobaki ipo kwenye friji, kwenye bakuli, nimeifunika.