Jirani Yetu Aliyefuga Bakteria

Nilikuwa Biashara Street, hapa Mombasa, nachagua leso, simu ikaniletea habari kwamba jirani yangu wa Bondeni amefariki na atazikwa baada ya alasiri. Mwenye duka aliniuliza anifungie ipi. Nikamwambia anifungie zote mbili, kisha nikatoka bila hata moja. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mtafiti wa maabara, hakuolewa, aliishi peke yake, na kazi yake ilikuwa bakteria. Kazi hiyo ndiyo iliyomponza mtaani.

Yalianzia arusini. Mama mmoja alimuuliza afanya kazi gani, naye, kwa kuwa hakujua kupamba maneno, akajibu, "Nafuga bakteria." Angesema yuko hospitali, yangeishia hapo. Tangu siku ile watu wakaamini kuwa huja nao nyumbani, kwenye kucha na nguo. Kwetu Ramadhani sahani za futari hutoka mlango huu zikaingia ule, na sahani ya jirani hairudi tupu. Zake zilirudi na viazi vya karai au sambusa, adabu ikatimia, lakini kaimati alizopeleka walikuwa wakila paka uchochoroni. Alikuwa akipita hapo na kuwaona, na kesho yake akakaanga tena. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye hasira hakuwa nazo.

Jioni moja nilifuturu kwake, nikamuuliza hao wadudu wake huuaje.

"Hawaui wao," alisema, akinisogezea tambi. "Bakteria ana protini kwenye utando wake wa nje. Akishaingia kwenye seli ya mtu, ile protini yaenda mpaka kwenye mitokondria, pale seli ipatapo nguvu zake. Pakiharibika pale, seli yaanza kujimaliza yenyewe."

"Haijitetei?"

"Huko ndiko kujitetea, dadangu. Mara nyingine yafa ili yule mdudu akose pa kukaa, asende kwa seli jirani. Lakini wako bakteria wajanja, waizuia isife, wapate kukaa raha mustarehe." Akajipakulia tambi naye. "Nataka kujua ni kipi kinachoamua seli ife au isife. Na nikijua, sina wa kumwambia hapa mtaani."

Nilimwambia aniambie mimi. Akacheka, akasema mimi nitaandika gazetini nikosee.

Nilipofika matangani nilikuta nyumba imejaa mpaka ngazini. Sikuwahi kuona viatu vingi hivyo mlangoni pake. Mama yule wa arusini alinipokea, macho mekundu, mikono bado yanuka kafuri.

"Tumemuosha sisi wenyewe, jirani zake," alinambia. "Hakuguswa na mtu wa mbali."

Nilimshukuru, kwa kuwa alilia kweli na alistahili shukrani. Kisha nikakaa pembeni na upweke ambao sikuutarajia katikati ya watu wote wale. Sisi watu wa Mombasa twajua sana kumstahi maiti; humwosha kwa upole, tukamtia manukato, wala hatumuulizi kazi yake. Marehemu alitamani mkono wa jirani miaka yote aliyokaa Bondeni. Aliupata siku ile, na hakuujua.