Kadi za Matundu na Ubao Wangu wa Funguo

Hawa wanaonijia leo kunishawishi ninunue kompyuta, ati nyumba ya wageni bila kompyuta si nyumba ya wageni, hawajui kwamba mimi nilishindana na babu yake kompyuta wakati wao hawajazaliwa. Nilishindana naye nikiwa na darasa la tatu tu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Silaha yangu ilikuwa ubao.

Ubao ulikuwa ukutani, nyuma ya meza ya mapokezi, katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Misumari ishirini na sita, kila msumari na ufunguo wa chumba chake. Hoteli ile niliingia kama mchukuzi wa mizigo. Mwaka wa sitini na nne mwenye nayo akaondoka, karani wake akaondoka, na aliyebaki akijua ufunguo upi unafungua mlango upi ni mimi. Serikali ilipoichukua ilinikuta nimeshakaa kwenye kiti cha mapokezi. Hakuna aliyenipa kiti kile. Nilikikalia mwenyewe, na nikakikalia vizuri.

Sasa sikilizeni nilivyofanya kazi. Ufunguo ukining'inia meno yakitazama ukutani, chumba hakijafagiliwa. Meno yakitazama mlango, tayari. Ukiuona umefungwa kipande cha kanga, mna mke na mume, asipeleke mtu chai bila kubisha mara tatu. Mgeni akiingia namwamkia, namuuliza habari za kwao, huyu aliye naye nani wake, na yule anayekuja nyuma nani wake. Kabla hajamaliza gilasi ya maji nshajua nimlaze wapi. Mtu wa Makunduchi simweki upande wa barabara, maana amezoea kulala kimya. Mzee simpandishi ngazi. Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu, na sikumbuki siku niliyokosea.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tukaletewa meneja mpya, kijana wa Bububu aliyepelekwa Ulaya kusoma miezi tisa akarudi na suti mbili na neno moja, "mfumo". Chai ikichelewa, hatuna mfumo. Shuka likichanika, mfumo mbovu. Baada yake akaja mtaalamu, Mjerumani mmoja mpole, aliyesema Kiswahili kama mtu anayepita juu ya mawe ya pwani bila viatu. Alikuja na sanduku la mbao.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi ngumu, zimetobolewa matundu pembezoni, pande zote nne. Kila mgeni na kadi yake, kila tundu na maana yake: mwanamume, mwanamke, analala siku moja, analala siku tatu, hali samaki. Tundu linalomhusu mgeni hukatwa kwa koleo mpaka ukingoni, likabaki pengo. Kisha kadi zote hukusanywa pamoja, ukapitisha sindano ndefu ya chuma katika tundu unalolitaka, ukainua na kutikisa. Zenye pengo zinaanguka, zisizo na pengo zinabaki zikining'inia.

"Unataka wanawake?" Mjerumani akasema, akatikisa. "Wanawake hawa, chini."

Meneja akapiga makofi peke yake. "Hii ni kompyuta isiyotumia umeme," akatuambia. "Ndugu wa mapokezi, umeona?"

"Nimeona, ndugu meneja. Kwetu tunaita chekeche."

Wapishi wakacheka, wafagizi wakacheka, na mdomo huo ndio ulioniponza. Kesho yake akaniita ofisini. Alhamisi, akasema, wanakuja wageni wa serikali kutoka Tanga, watu wa ushirika, wengine na wake zao. Kadi ndizo zitakazowapangia vyumba. "Zikiwapanga salama, wewe unahamia stoo ya mashuka. Hapa mbele nataka mtu mwenye elimu."

Stoo ya mashuka ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko. Mtu anayeamkiwa na mabalozi, akafungiwe na foronya.

Jumanne nikapita kwenye meza ya karani wetu, mwanamke mwenye mwandiko mzuri, nikamkuta anakata kadi. Barua ya Tanga iko mbele yake, kila mgeni kaandikwa jina lake na jina la babake, kama tunavyoandikana sote. Nikamuuliza anajuaje nani alale na nani. Akanionyesha karatasi ya maelekezo ya mtaalamu: mwanamume na mwanamke wenye jina moja la mwisho ni mke na mume, wape chumba kimoja.

Nikaisoma mara mbili, maana kusoma kwangu ni kwa polepole. Kumbe huko kwao Ulaya mwanamke akiolewa analivua jina la babake kama anayevua kiatu mlangoni. Kwetu mwanamke ni binti wa babake mpaka anavishwa sanda. Ukikuta mwanamume na mwanamke wana jina moja la mwisho, basi ni ndugu, au hawajuani kabisa ila baba zao waliitwa jina lililomo katika kila nyumba ya tatu ya pwani hii.

"Wewe mwenyewe unaitwa kwa jina la mumeo?" nikamuuliza karani.

"Thubutu. Babangu si atanirudisha nyumbani."

"Sasa hizi kadi je?"

"Mie nakata tu, kaka. Nnakata nilipoambiwa."

Nikaenda kwa meneja. Na huyu ni mtu wa Bububu, mamake kaolewa na babake, na majina yao anayajua. "Ndugu meneja," nikamwambia, "kadi hizi zitavunja ndoa za watu."

"Umeanza. Huo wivu."

"Si wivu. Tazama majina."

"Ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

Nikarudi kwenye ubao wangu. Sitawadanganya kwamba nililala nikiwahurumia watu wa Tanga. Nililala nikiisubiri Alhamisi.

Meli ilifika baada ya adhuhuri. Wageni wakaingia na vikapu vyao, meneja kasimama penye kiti changu na suti yake, Mjerumani ubavuni, sindano mezani. Mimi niliamrishwa nisimame kando, nisiguse ufunguo.

Wa kwanza walikuwa mzee mmoja wa kanzu, mwalimu wa chuo, na mkewe, bibi mtu mzima mwenye buibui. Meneja akasoma kadi yake. "Bi, wewe na mumeo chumba namba kumi na mbili." Na ufunguo akampa fundi cherehani mmoja mwembamba, kijana, aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, babake akiitwa jina moja na babake Bi.

Yule Bi akageuka, akamtazama fundi kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Huyu?" akasema. "Huyu ningemzaa mimi, angekuwa kitindamimba wangu."

Fundi akaurudisha ufunguo mezani kama umemuunguza. "Shikamoo mama. Wallahi mie sijasema kitu."

"Marahaba mwanangu. Najua si wewe."

Mumewe akasogea. "Na mimi bwana, umeniweka wapi?"

Meneja akapekua kadi. "Wewe mzee uko juu, na vijana wanne wasio na wake."

"Nimeacha kulala na vijana tangu nilipotoka chuoni mwenyewe."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Nyuma alikuwapo bwana mmoja wa miraba minne aliyefuatana na dada yake, na kadi zao zilikuwa pamoja mkononi mwa meneja. Akaichungulia ile namba ya chumba, akauliza taratibu, "Nani kawaambia nyinyi kwamba mimi nimemuoa dada yangu?"

Kwetu mgeni ukimlaza na njaa atakusamehe, ila hilo lilikuwa halisameheki. Mzee wa kanzu akaokota kikapu cha mkewe. "Twendeni gatini," akawaambia wenzake. "Tutakaa pale mpaka meli irudi."

Wageni wa serikali, wamekaa gatini juu ya vikapu, mji mzima unapita. Meneja alijua hangekuwa meneja ikifika Jumamosi. Akanitazama. Nikamwacha anitazame.

"Ndugu," akasema kwa sauti ndogo.

"Naam."

"Wapange hawa."

"Nihamie stoo kwanza, au niwapange kwanza?"

Jasho likamshuka mpaka kwenye kola. "Wapange. Kiti ni chako," akasema, na karani, wapishi na watu wote wa Tanga wakamsikia. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja.

Nikamwendea mzee, nikamwamkia, nikampokea kikapu. Huyu nani wako? Na yule nani wake? Maji hayajachemka jikoni, kila mtu yuko chumbani kwake, kanga imefungwa panapostahili kanga, na fundi cherehani kapata chumba chake peke yake, akanishukuru kama niliyemtoa jela.

Mjerumani akanifuata penye ubao. "Kwa nini wewe hukusema?"

"Nilisema. Muulize bwana huyo."

Akamgeukia meneja. Meneja akawa anatazama feni.

Mngedhani kadi zilitiwa jikoni. Wapi. Wakubwa walikwisha kuandikiwa kwamba hoteli ina mfumo, na mfumo ukishaandikwa haufi. Ikawa hivi: mimi nawalaza wageni kwa mdomo wangu asubuhi, na jioni karani anakata kadi zifuate nilivyowalaza. Wakubwa walipokuja kukagua, meneja akapitisha sindano, akatikisa, zikaanguka mke na mumewe, mke na mumewe, hakuna aliyekosea. Wakastaajabu. Wakasema ajabu ya elimu.

Mmoja wao akaninyooshea kidole. "Na huyu kazi yake nini?"

"Huyu anausaidia mfumo," meneja akasema.

Mlangoni walikuwa wamesimama watu wa Pemba, mwanamke mmoja na wanaume wawili, na hakuna sindano duniani ambayo ingejua yupi mume na yupi shemeji. Nikatoka kwenye kiti changu nikawaendea.