Msomaji wa Uso Wangu

Mzee ninayemhudumia huku ugenini Scarborough ni Mjerumani, mwandishi wa riwaya. Kila asubuhi, kabla hajagusa uji, hunisomea kwa sauti ukurasa alioandika jana, kwa Kijerumani nisichokijua, macho yameganda usoni mwangu. Nikipiga miayo, anauchana. Nimejifunza kukaza uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Leo nilishindwa. Dada yangu aliyeko Uvira, Kongo, hapokei simu tangu Jumapili, jambo nililokwisha kumwambia mzee, na machozi yalinitoka katikati ya sentensi. Nilidhani mzee atafurahi kwamba ukurasa wake umeniliza. Akaacha kusoma. “Dative,” akaniita kwa jina langu, “machozi haya si ya kitabu changu.” Akauchana ukurasa taratibu, akanisogezea simu yake. Nikapiga. Ikaita, ikaita, naye amenikazia macho usoni kama anaponisomea.