Mama wa Kihindi Aliyefikishwa Amerika

Dominika wa Kasense hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Ukimkaribisha ugali wa ulezi atakuambia una mchanga wa jiwe la kusagia. Ukimsifia mahubiri ya padri atakuuliza mbona mwisho aliurudia. Lakini Jumapili yenye picha za sinema hakuikosa. Misa ikiisha alimpakulia mumewe Beda chakula, akajifunga kitenge juu ya sweta, akaenda kwa miguu hadi ukumbi wa parokia mjini Sumbawanga. Huko madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, na jenereta nje inakohoa kama mzee wa kiko.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, sukari ilikuja kwa foleni, na kitu chochote kilichopanda Ufipa kilifika kimechoka. Picha nazo hivyo hivyo. Zilikuwa za zamani, zimezunguka miji yote ya nchi kabla ya kuletwa huku, zimekatika na kuungwa mara nyingi hata mtu akifungua mlango wa chumba unamkuta ghafla yuko juu ya farasi.

Dominika alikuwa na neno kwa kila aina.

"Hawa makauboi," alimwambia jirani yake Kalista wakirudi nyumbani, "ng'ombe wote wale, umeona hata mmoja anakamuliwa? Wanaume wako baa wanapigana bastola. Ng'ombe wanachungwa na nani?"

Picha za vita zilimuudhi kwa sababu watu walikufa wengi na hakuna aliyezikwa. Za Wachina, mtu mmoja alipigana na ishirini, na wale ishirini wakamjia mmoja mmoja kama wanapanga foleni ya sukari. Za mizimu ndizo alizozidharau kabisa. Msichana ameambiwa asishuke kule gizani, naye anashika mshumaa anashuka. "Huyo hakufundwa," alisema Dominika. Kulikuwa pia na picha ya serikali kuhusu kuchimba choo. Hiyo peke yake ilifika nzima, mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa choo.

Basi wakati wa masika ikaja picha ya Kihindi, naye akaipenda bila kutaka.

Mfasiri alikuwa Andwele, kijana wa Mbeya aliyefanya kazi serikalini. Ndiye aliyeendesha mashine na ndiye aliyeshika kipaza sauti. Siku hiyo alieleza kwamba yule mwanamke mwenye macho makubwa ni mama muuza bangili, na kwamba kwenye gulio, katika msongamano wa watu, mwanawe mdogo amempotea. Miaka ikapita, mama akawa na mvi. Siku moja akiwa stesheni akamwona kijana mwenye kovu shavuni, kovu la mwanawe, anapanda treni. Mama akanyoosha mkono. Treni ikaanza kwenda.

Mkanda ukaisha hapo.

"Ndugu wananchi," Andwele alitangaza, "sehemu ya pili iko Mbeya. Itakuja na gari."

Mvua zilikuwa zimeikata barabara. Malori yalilala kwenye tope, na sehemu ya pili haikuja. Dominika alipalilia mahindi huku akimuwaza yule mama. Kisimani wanawake walibishana: Kalista alisema kijana atashuka kituo cha mbele, mwingine akasema atakuwa polisi atakayemkamata mamaye bila kumjua. Dominika aliwanyamazisha wote. "Subirini tuone. Msitunge."

Mvua zilipokatika na kipupwe kuingia, upepo wa baridi ukipiga uwanda wote, habari zilifika kwamba bati lenye mkanda wa sehemu ya pili limeletwa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Taa ikazimwa, na kwenye kitambaa cheupe cha ukutani wakatokea farasi.

Watu wakanong'ona. Andwele alikohoa kwenye kipaza sauti, kisha akasema, "Baada ya kuikosa treni, mama alivuka bahari kumtafuta mwanawe. Sasa amefika Amerika. Yule pale, mlangoni mwa baa."

Aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za njano.

"Baridi ya huko," Andwele aliongeza, "imemgeuza rangi."

Dominika alisimama. "Ndugu Andwele! Huyo si yule mama!"

"Kaa chini, Dominika, unatuziba!" walipiga kelele nyuma yake. Adolfu, balozi wao wa nyumba kumi, alimvuta kitenge. "Hata wewe ungepanda meli ungebadilika. Kaa."

"Nimesema si yeye! Hii ni picha ya kauboi, na tumekwisha kuiona!"

Ganda la muwa lilimpiga begani. Akakaa. Risasi zikalia, wabaya wakaanguka, na mwishoni kijana mmoja wa farasi akamkumbatia yule mwenye nywele za njano. "Mama!" Andwele alilia kwenye kipaza sauti. "Mwanangu!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kalista alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Watu walipotoka, Dominika alibaki. Andwele alikuwa akikunja nyaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie mwisho wake."

Kijana alitazama chini. "Mama, nje ya bati wameandika jina la ile yetu. Nimelifungua watu wamekwisha kukaa. Ningewaambia nini? Siku ile mashine ilipoharibika, walivunja mabenchi."

"Sikuulizi habari za mabenchi. Mwisho wa kweli ni upi?"

"Siujui. Sijawahi kuuona."

"Lakini maneno yao si unayajua? Hawakusema wanakokwenda?"

Andwele aliendelea kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjika. "Kihindi sikijui, mama."

Dominika alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Hata neno?"

"Hata neno. Naangalia nyuso zao."

"Kwa hiyo yule si mama."

"Alilia kama mama," Andwele alisema taratibu.

Dominika aliondoka bila kumuaga. Njia nzima hasira zilimpanda na kushuka. Masika yote amemhurumia mwanamke ambaye pengine hakupoteza mtoto, hakuuza bangili, na pengine alinyoosha mkono kwa sababu kasahau mzigo kwenye treni.

Wiki hiyo alikwenda mtaa wa Izia kwa Atusaye, mwanamke wa Mbeya aliyeuza nguo, maana alisikia kwamba aliiona picha hiyo nzima huko kwao.

"Niliiona," Atusaye alisema. "Yule ni mjane. Kijana mwenye kovu ni mwizi wa vito vyake. Mwisho wanamfunga."

"Si mwanawe?"

"Mwana gani? Nakuambia mwizi."

"Huko nani alikuwa anafasiri?"

"Kijana mmoja wa Tukuyu."

"Anajua Kihindi?"

Atusaye akaanza kukunja shati ambalo hakuna aliyelikunjua.

Kisimani Dominika aliwaambia wenzake yote: bati, nyuso, mwizi. Alidhani watakasirika pamoja naye. Nao walikasirika, ila walimkasirikia yeye. "Mama kampata mwanawe," Kalista alisema, "tumeona kwa macho yetu, tumelia. Wewe unakuja kumnyang'anya. Utatupa nini badala yake?" Dominika alijitwika ndoo yake na kwenda, na maji yakamwagikia mgongoni kwa jinsi alivyokuwa akitembea.

Jumapili iliyofuata alikwenda tena ukumbini, akakaa benchi la pili. Ilikuwa picha ya vita. Kapteni mmoja alisimama mbele ya askari wake akasema maneno marefu kwa lugha ya kigeni. Andwele aliinua kipaza sauti, akamwona Dominika, akakishusha.

"Anasema nini?" watu waliuliza.

"Sijui," Andwele alijibu.

Ukumbi ulichafuka. Walipiga miluzi, wakagonga mabenchi. "Sema tu, ndugu!" Adolfu alipaza sauti. "Hata uongo, sema!" Kapteni alikuwa bado anaongea, mdomo unafunguka na kufungika, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Andwele hakumtazama mtu mwingine yeyote ila Dominika.

Dominika alikunja uso. Alitamani kuwaacha wakae hivyo hivyo, gizani, wakimtazama mtu anayelia bila sababu. Kapteni alivua kofia.

"Haya," Dominika alisema kwa ukali, akipunga mkono kama anayefukuza kuku. "Sema."

"Anasema," Andwele alianza, "kwamba amewaacha watoto nyumbani, na mvua zimekaribia, na hakuna wa kupanda."

Watu walitulia. Dominika alisonya, akakunja mikono kifuani. Kisha akasogea upande kidogo, maana mtu wa mbele yake alikuwa mrefu.